Kifuniko

Kamera ya shangazi Shoghakat ina uzito wa tofali
na harufu ya sarafu iliyoshikwa na wengi.
Aliinunua kwa mishahara miwili na nusu
ya kiwanda cha soksi, hapa Gyumri,
akaniachia mimi, pamoja na karatasi ya mapishi
ambayo nyuma yake aliandika kwa penseli:

*Koki kwanza, ndipo uchague kasi.
Ukichagua kabla, utavunja kitu ndani,
na fundi aliyekijua amehamia Krasnodar.*

Basi nakoki kwanza.
Lakini kabla ya hapo nakata ulimi wa filamu kwa mkasi,
mrefu, vidole vitano, alivyopima yeye,
nauchomeka kwenye kigurudumu, meno yashike matundu,
nafunga mgongo, nakaza,
macho yangu kwenye kifundo cha kushoto.
Kikizunguka, filamu inakwenda.
Kisipozunguka, nabonyeza bure,
napiga hewa picha.

Kidirisha ni kidogo, kama tundu la mlango wa jirani mwoga.
Katikati kina kiraka cha rangi ya chai hafifu,
na ndani ya kiraka kila kitu kina pacha:
nguzo mbili za taa,
muuza mbegu za alizeti mwenye pua mbili.
Nazungusha lenzi, taratibu,
pacha wanasogeleana
kama waliokosana wakikutana kwenye ngazi nyembamba,
hadi mmoja anaingia ndani ya mwenzake
na muuza mbegu anabaki mmoja, ananitazama.
Hapo.
Pazia la kitambaa linapita, chap,
sauti ya mtu anayefunga kitabu kilichomchosha.

Februari tulimwoza binamu yangu Arshavir.
Nilipiga thelathini na sita.
Naweza kuzitaja: Varsenik akikanyaga sahani mlangoni,
kipande kimoja kikiruka hadi kwenye kiatu cha mpiga zurna;
mkate wa lavash mabegani mwao, kama shuka ya mgonjwa;
mtoto amelala juu ya makoti ya wageni.
Na ya ishirini na tisa:
baba yangu na ami Mkhitar,
ambao hawajasemezana tangu gereji ya shangazi igawanywe,
wamesimama bega kwa bega, glasi mkononi.
Katika kiraka walikuwa wanne, wote wamenuna.
Nikazungusha. Wakawa wawili.
Naapa mmoja alikuwa anacheka.

Filamu ilitoka angavu kama dirisha la hospitali.
Kima wa maabara aliinua utepe mbele ya taa,
mita nzima ya hakuna,
akaniuliza kwa upole unaouma: *Kifuniko, ulikitoa?*

Kwa maana kamera hii haitazami kwa kinywa chake.
Jicho linaloona liko juu, pembeni;
jicho linaloshika liko chini,
na hakuna anayemwambia mwenzake kuwa amefungwa kitambaa.
Nilikuwa nimeona kila kitu.

Sasa baba anasema hawakusimama karibu kiasi hicho.
Ami anasema hakuwa na glasi.
Sina ushahidi,
nina thelathini na sita za kichwani, na kichwa hakisafishwi maabara.

Leo asubuhi wako nje ya gereji, kila mmoja na koleo lake,
kila mmoja anaondoa theluji ya upande wake,
hata theluji wameigawa.
Baba yuko mita tatu kutoka kwangu. Ami yuko saba.
Nikimkaza mmoja, mwingine anakuwa ukungu;
kiraka humrudisha mtu kwa pacha wake,
hakimrudishi kwa ndugu yake.
Nageuza karatasi ya mapishi.
Chini kabisa, penseli karibu imefutika:
*Jua juu ya theluji, ishirini na mbili.
Tundu likiwa dogo, wa mbali na wa karibu hukubaliana.*

Nakoki. Ndipo nachagua kasi.
Nafunga tundu hadi mwisho, nangoja
wainue migongo.

Kifuniko nimekibana kwa meno,
kina ladha ya bati na baridi,
na sikitemi.